Robert Koch: Daktari wa Mashambani Aliyefichua TB na Kipindupindu, Kisha Sindano Zake Zikapofusha Watu Ziwa Victoria

Ziwa Naivasha lilipopanda 2025 na kuingia Kihoto, wasee wengi waliokoa kile wangeweza kubeba. Magodoro kichwani, mtungi wa gesi mkononi, mtoto mgongoni. Pale boda zilikuwa zinapita, boti zikaanza kupita. Maelfu ya watu walihama, na haikuwa mara ya kwanza, maana hata 2020 hilo ziwa lilikuwa limeshatuonyesha madharau.

Viboko walikuwa wanatisha, lakini kuna kitu kilikuwa noma kuwaliko, na hakina meno. Maji ya ziwa yaliingia kwa vyoo vya shimo, vikajaa, halafu kila kitu kikawa maji mamoja. Ukichota ndoo unaona maji tu. Macho yako hayawezi kukwambia ukiipikia chai uko salama ama unacheza na kipindupindu.

Sasa, leo kila mtu anajua kwamba kuna vidudu visivyoonekana kwa maji. Hata mtoto wa nasari ataimba habari ya kunawa mikono. Lakini kuna wakati madaktari wakubwa kabisa duniani walikuwa wanabisha hii kitu. Msee aliyewanyamazisha ni Mjerumani mmoja wa miwani na ndevu, anaitwa Robert Koch. Amekufa zaidi ya miaka 110 iliyopita, na bado ukienda kupimwa TB leo unatembea kwa barabara aliyochonga yeye.

Stori yake ina utamu na ina uchungu. Na ule uchungu mwingi aliuacha huku kwetu, Afrika Mashariki. Kaa chini nikupe yote.

Kijana wa familia ya watoto 13

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843, Clausthal, mji wa migodi kule milima ya Harz, Ujerumani. Fathee alikuwa kwa kazi ya migodi, mathe alikuwa anapambana na nyumba ya watoto 13. Inasemekana akiwa na miaka 5 tu alishangaza wazazi kwa kujifundisha kusoma na gazeti.

Mwaka wa 1862 akaingia Chuo Kikuu cha Göttingen, na 1866 akamaliza udaktari. Mwalimu wake mmoja, Jacob Henle, alikuwa kwa wale wachache walioamini kitambo kwamba magonjwa ya kuambukiza yanaletwa na viumbe hai vidogo. Wengi wakati huo walisema ni hewa mbaya, harufu ya uchafu, ama mwili wenyewe umeharibika.

Ndoto ya Koch ilikuwa kuzunguka dunia. Alitaka kuwa daktari wa meli, aone nchi za mbali. Lakini 1867 akaoa Emmy Fraatz, na Emmy hakutaka maisha ya kuhangaika baharini. Mwaka uliofuata wakapata mtoto msichana, Gertrud. Jamaa akatulia. Akahama mji mdogo hadi mwingine akitafuta kazi ya kulipa, akaenda vita vya Ujerumani na Ufaransa 1870 kama daktari wa kujitolea, halafu 1872 akapewa kazi ya daktari wa wilaya mahali panaitwa Wollstein, leo ni Polandi.

Yaani ni kama sasa umetumwa zahanati ya shagz. Hakuna chuo kikuu karibu, hakuna maktaba, hakuna mbogi ya wanasayansi ya kupiga nao stori. Asubuhi unatibu wakulima, mchana unatibu watoto wao, usiku unaitwa mama akijifungua.

Maabara nyuma ya pazia

Koch alikuwa na hadubini, na inasemekana Emmy ndiye alimsaidia kuipata. Akakata chumba chake cha kutibu wagonjwa kwa pazia. Mbele wagonjwa, nyuma maabara.

Huko Wollstein ng'ombe na kondoo walikuwa wanadedi kwa kimeta. Kama umewahi kukaa Nakuru unajua huo ugonjwa si hadithi, maana 2015 uliua nyati wengi ndani ya Mbuga ya Ziwa Nakuru. Watu walikuwa tayari wameona vijiti vidogo kwa damu ya mnyama aliyekufa na kimeta. Swali lilikuwa hili: hivyo vijiti ndivyo vinaua, ama vimetokea tu baada ya mnyama kufa?

Koch hakuwa na vifaa vya maana, kwa hivyo alijitengenezea. Sindano za kudunga panya hakuwa nazo, akachonga vijiti vya mbao, akavichoma kwa moto kuua uchafu, akavichovya kwa damu ya mnyama mgonjwa, kisha akampachika panya kwa ngozi karibu na mkia. Panya akadedi. Akachukua damu ya huyo, akaweka kwa mwingine. Naye akadedi. Akaendelea hivyo panya baada ya panya, na kila mara vile vijiti vilikuwa hapo, vizima kabisa.

Lakini alitaka kuviona vikiishi nje ya mwili. Atavilisha nini? Akachukua majimaji ya ndani ya jicho la ng'ombe aliyechinjwa, maana hayo ni safi na hayana rangi. Akaweka tone moja likining'inia chini ya kioo, akaketi na hadubini akiangalia saa baada ya saa. Vijiti vikarefuka vikawa kama nyuzi, na ndani ya nyuzi vikatokea vimbegu vidogo vinavyong'aa. Hivyo vimbegu, spora, vinaweza kukaa kwa udongo miaka na miaka vikingoja mnyama aje kula nyasi. Ndiyo maana kuna mashamba yalionekana yamelaaniwa. Haikuwa laana. Ni spora.

Mwaka wa 1876 akafunga vifaa vyake akaenda Breslau, akamwonyesha Profesa Ferdinand Cohn na wenzake jaribio lote kwa siku kadhaa. Wale wakubwa wakaduwaa. Daktari wa mashambani ambaye hakuna mtu alikuwa anamjua alikuwa amethibitisha, hatua kwa hatua, kwamba kijidudu fulani ndicho kinaleta ugonjwa fulani.

Waru, jeli ya jikoni na kisahani

Hii sehemu ndiyo mimi hupenda zaidi. Niliacha college mwaka wa pili, na huko tulikuwa zaidi ya 30 tukigombania hadubini moja, so stori ya msee anayeomoka na vitu vya jikoni inanigusa.

Mwaka wa 1880 Koch aliitwa Berlin, kwa Ofisi ya Afya ya dola ya Ujerumani. Sasa ako na maabara na wasaidizi, lakini tatizo moja bado linamsumbua. Ukiweka vijidudu kwa supu vinachanganyika vyote, kama githeri. Utajuaje ni gani analeta ugonjwa? Unahitaji kuvitenganisha, kila aina ikae peke yake.

Siku moja aliangalia kipande cha kiazi kilichochemshwa na kuachwa wazi. Juu yake kulikuwa na madoa ya rangi tofauti. Akaweka kila doa chini ya hadubini, akapata kila moja lina aina moja tu ya kijidudu. Yaani jibu lilikuwa kwa waru! Kwa supu vijidudu vinaogelea na kuchanganyika, lakini juu ya kitu kigumu kila kimoja kinakwama pale kimeangukia, kinazaana hapo hapo, kinakuwa familia safi.

Lakini si kila kijidudu hupenda waru. Akajaribu supu ya nyama iliyogandishwa na jelatini. Ikafanya kazi, shida ikawa joto. Jelatini inayeyuka kwa joto la mwili wa mtu, na hilo ndilo joto vijidudu vingi vya magonjwa vinapenda.

Aliyeokoa jahazi ni mwanamke ambaye vitabu vilimsahau kwa muda mrefu, Fanny Hesse. Mume wake, Walther Hesse, alikuwa akifanya kazi na Koch, na Fanny alikuwa anamsaidia na kumchorea picha. Walther akalalamika jelatini zake zinayeyuka. Fanny akamwambia ajaribu agari, ule unga wa mwani wa baharini aliokuwa anatumia kugandisha jeli na pudini zake. Alikuwa amefunzwa na jirani aliyewahi kuishi Java. Agari ikiganda haiyeyuki kwa joto la mwili, na vijidudu vingi haviwezi kuila.

Halafu 1887 msaidizi mwingine, Julius Richard Petri, akatengeneza kisahani cha kioo chenye kifuniko. Weka agari ndani, funika, ngoja. Basi. Hadi leo, ukiingia maabara yoyote ya hospitali Nakuru utapata visahani vya Petri vyenye agari. Hata kampuni zinazozalisha miche ya maua na mbegu ya viazi kwa chupa zinatumia hiyo jeli ya Fanny.

Koch pia alikuwa anachukua picha za bakteria kwa kamera, alitumia lenzi mpya za Carl Zeiss na Ernst Abbe, na akapaka vijidudu rangi ili vionekane. Vingi vya hivi hakuvibuni yeye. Ujanja wake ulikuwa kuvipanga pamoja na kuweka sheria: kipate kijidudu kwa kila mgonjwa, kitenganishe kikae peke yake, mpe mnyama mzima uone kama atapata ugonjwa ule ule, kisha kitafute tena kwa huyo mnyama. Ukiruka hatua, usijigambe.

Hiyo sheria ishike, tutairudia.

Usiku wa Machi 24

Wakati huo kifua kikuu kilikuwa kinamaliza watu Ulaya. Koch mwenyewe alikadiria kwamba kati ya vifo 7, kimoja ni cha TB. Wengi waliamini ni ugonjwa wa kurithi, yaani familia yenu imeandikiwa tu.

Koch alijifungia na kazi hiyo kwa miezi. Hicho kijidudu ni kigumu kuonekana maana kina ganda la mafuta linalokataa rangi. Akajaribu rangi ya bluu, kisha ya kahawia juu yake, na vijiti vyembamba vya bluu vikajitokeza. Kukikuza ilikuwa ngori nyingine. Vijidudu vingi vinaonekana kwa siku moja au mbili. Hiki kilikaa kimya wiki ya kwanza. Mtu mwingine angetupa kila kitu. Koch akangoja, na baadaye vikatokea vidoa vidogo vikavu.

Tarehe 24 Machi 1882 akasimama mbele ya wanasayansi Berlin. Alileta slaidi na vielelezo zaidi ya 200, akaeleza polepole, bila mbwembwe. Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi, hakuna aliyebisha. Watu walisimama wakaenda kwa hadubini kujionea. Ndiyo maana kila Machi 24 dunia inaadhimisha Siku ya Kifua Kikuu.

Maji yanaongea

Mwaka wa 1883 kipindupindu kikaingia Misri. Ujerumani ikatuma Koch, Ufaransa ikatuma vijana wa Louis Pasteur. Koch na Pasteur walikuwa na bifu ya kweli, nchi zao zilikuwa zimetoka kupigana juzi tu. Lakini kule Alexandria kijana mmoja wa timu ya Ufaransa, Louis Thuillier, mwenye miaka 27, akashikwa na kipindupindu akafariki. Koch aliweka bifu kando akaenda kumzika.

Kipindupindu kikapungua Misri, Koch akafuata ugonjwa hadi Calcutta, India. Huko, mwanzoni mwa 1884, akatangaza: ni kijidudu kimepinda kama alama ya mkato. Mwitaliano Filippo Pacini alikuwa amekiona tangu 1854 na hakuna mtu alimsikiza, so sifa si za Koch peke yake. Lakini Koch alikitenganisha, na pia akakipata ndani ya bwawa la maji ambalo watu walikuwa wanaogea, wanafulia na kunywa hapo hapo. Unaona vile hii stori inarudi Kihoto?

Bado wengine walibisha. Profesa Max von Pettenkofer wa Munich, mzee wa miaka 73, aliitisha kijidudu chenyewe kwa chupa na 1892 akakinywa mbele ya watu kuonyesha ni upuzi. Akaharisha kidogo tu, akajiona ameshinda.

Lakini mwaka huo huo Hamburg ilikuwa inalia. Mji huo ulikuwa unavuta maji ya mto Elbe na kuyapeleka kwa nyumba bila kuyachuja. Zaidi ya watu 8,000 wakafa. Jirani yao Altona, wanaotenganishwa na barabara tu, walikuwa wanavuta maji ya mto huo huo, tena chini zaidi ambako ni machafu kuliko, lakini waliyachuja kwa mchanga. Altona waliugua wachache sana. Kulikuwa hata na plot moja upande wa Hamburg iliyounganishiwa maji ya Altona, na wapangaji wake walikuwa sawa.

Hewa ni moja, mto ni mmoja. Tofauti ni mchanga. Koch hakuhitaji kubishana tena.

Dawa ya siri

Sasa hapa ndipo hii stori inageuka.

Mwaka wa 1890 Koch alikuwa staa wa dunia na presha ilikuwa juu. Serikali ilitaka ushindi, na Pasteur alikuwa anasifiwa kwa chanjo. Kwa kongamano kubwa la madaktari Berlin, Koch akatangaza amepata kitu kinachozuia TB. Kikaitwa tuberkulini. Wagonjwa wakamiminika Berlin kutoka kila pembe, hoteli zikajaa watu wanakohoa wakiwa na matumaini.

Msee aliyetufunza kuonyesha kila hatua alikataa kusema dawa imetengenezwa na nini. Ilikuwa siri, na alikuwa anatarajia kupata pesa nayo. Hakuwa ameijaribu vya kutosha. Wengine wakazidiwa baada ya sindano, wengine wakafa, na Rudolf Virchow alipopasua maiti aliona TB imesambaa badala ya kupona. Mwaka wa 1891 ukweli ukatoka: ilikuwa majimaji yaliyotolewa kwa vijidudu vya TB vyenyewe, yamechanganywa na glisirini.

Jina lake likachafuka. Nyumbani pia kulikuwa kunawaka: akaachana na Emmy, na 1893 akaoa Hedwig Freiberg, dem mdogo kwake kwa miaka karibu 30. Berlin ilisengenya hadi ikachoka.

Cha ajabu ni kwamba tuberkulini haikufa. Haiponyi, lakini ukidungwa kidogo kwa ngozi ya mkono na pavimbe, inaonyesha mwili wako umekutana na TB. Toleo lake lililosafishwa linatumika hadi leo. Kifaa kilikuwa kizuri, kazi aliyokipatia ndiyo ilikuwa uongo.

Anakuja kwetu

Baada ya hapo Koch alianza kuishi ile ndoto ya ujana, safari. Mwisho wa 1896 akaenda Afrika Kusini kupambana na sotoka, ule ugonjwa wa ng'ombe uliokuwa umepita kwetu kwanza na kumaliza mifugo ya Wamaasai kwenye hili Bonde la Ufa mapema miaka ya 1890. Mwaka wa 1897 akatua Dar es Salaam, wakati huo koloni ya Wajerumani, akasoma malaria. Pia alithibitisha kwamba ugonjwa uliokuwa unaua watu Kiziba, upande wa Bukoba, ulikuwa tauni. Miaka ya 1903 na 1904 alikuwa Bulawayo akichunguza ndigana kali ya ng'ombe. Mwaka wa 1905 alirudi Afrika Mashariki akaonyesha vile kupe wanasambaza homa ya vipindi. Mwishoni mwa mwaka huo akapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi ya TB.

Angestaafu hapo, stori ingekuwa tamu tu. Lakini 1906 akarudi, safari hii kwa malale.

Sindano za Ssese

Malale ulikuwa unafyeka watu kando ya Ziwa Victoria. Kati ya 1900 na 1920 Uganda ilipoteza watu karibu 250,000. Mbung'o anakuuma, kijidudu kinaingia damu, kisha ubongo. Mtu analala mchana, anachanganyikiwa, anakonda, anaenda.

Koch aliweka kambi visiwa vya Ssese, Uganda, kwa ruhusa ya Waingereza. Wagonjwa walikuja wengi, wengine kwa mitumbwi, wengine wamebebwa na ndugu. Mikononi alikuwa na dawa mpya ya Ulaya, Atoxyl, iliyotengenezwa na aseniki. Ndiyo, ile sumu. Mwanzo mambo yalikaa poa: akidunga nusu gramu, vijidudu vinapotea kwa damu, watu wanapata nguvu, habari njema zinatumwa Berlin.

Halafu vijidudu vikarudi. Koch akaongeza dozi hadi gramu nzima.

Watu wakaanza kulia na maumivu ya tumbo na kizunguzungu. Kisha wengine wakaanza kuona giza. Zaidi ya watu 20 walipofuka kabisa, na macho hayakurudi. Hapo ndipo Koch alisimamisha hiyo dozi kubwa.

Fikiria uko kwa hicho kisiwa. Umepiga kasia siku nzima na mgonjwa wako kwa sababu umesikia kuna Mzungu ana dawa. Hakuna mtu amekuuliza kama unakubali kujaribiwa. Hakuna amekwambia kuna hatari. Unarudi nyumbani ukiongozwa kwa mkono. Kitabu kinaandika wewe ni namba, na jina la aliyekudunga linaandikwa kwa dhahabu.

Tena Koch alipendekeza wagonjwa watengwe kwa kambi, na Wajerumani wakazijenga kwa koloni yao, zingine hapo Shirati na Kigarama. Wengi walitoroka. Mkoloni aliwaita wajinga wasiojua faida ya dawa. Mimi naona walikuwa wanafanya sayansi yao: waliangalia, wakaona anayedungwa anateseka, wakafanya uamuzi.

Na hapa ndipo ile sheria inarudi. Koch wa Wollstein, masikini wa vifaa, alikaa usiku kucha kwa sababu hakuamini kitu kabla ya kukiona mara nyingi. Koch wa Ssese alikuwa na jina, serikali nyuma yake na watu wasio na mahali pa kumshtaki. Wa kwanza alipima kwa panya hadi akachoka. Wa pili aliongeza dozi kwa watu. Vifaa vilikuwa vimeboreka, lakini ile breki yake ilikuwa imeondoka.

Wengine walijifunza kutokana na hiyo dawa. Paul Ehrlich, aliyewahi kufanya kazi kwa taasisi ya Koch, aliichunguza Atoxyl, akajua imeundwa vipi, na kutoka hapo timu yake ikafika kwa Salvarsan, dawa ya kaswende iliyoingia sokoni 1910. Ulaya ikapona. Wale wa Ssese hawakupata hata asante.

Koch alirudi Ujerumani 1907. Tarehe 27 Mei 1910 moyo ukamshinda akiwa Baden-Baden, akiwa na miaka 66. Majivu yake yamewekwa Berlin, ndani ya jengo la taasisi yenye jina lake, ile ile ulikuwa unaisikia kwa habari wakati wa korona.

So tunambeba vipi huyu msee?

Leo mgonjwa anaweza kutema makohozi asubuhi na mashine ya GeneXpert ikasoma jeni za TB kwa saa 2 hivi. Kilifi, watafiti wa KEMRI walisoma jeni za virusi vya korona wakajua aina gani imeingia nchini. Malale nayo siku hizi ina vidonge, na Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha Kenya imeuondoa huo ugonjwa kama tatizo la afya ya umma. Hizi zote ni watoto wa lile pazia la Wollstein, na mimi siwezi kumfuta Koch nikijidai sijui.

Lakini siwezi pia kuwafuta wale watu wa Ssese. Leo Sheria ya Afya ya 2017 inasema lazima uelezwe matibabu kwa lugha unayoelewa na ukubali mwenyewe kabla ya kuguswa. Utafiti nao lazima upite kwa kamati ya maadili. Watu huona hizo fomu ni kusumbuliwa tu, wanaweka sahihi bila kusoma. Kabla uweke, jua kuna watu walipoteza macho kwa sababu hakukuwa na fomu, wala mtu wa kuuliza. Soma. Uliza dawa ni ya nini, ina madhara gani, na ukikataa itakuwaje. Ukieleweshwa vizuri, kubali kama unataka. Si kila daktari ni adui, na kuogopa kila sindano pia kumezika wengi.

Kwa Kikuyu, kihooto ni haki, ile hoja ya ukweli ambayo hata mwenye nguvu hawezi kuikanyaga. Mtaa wetu umebeba jina zito hivyo na bado tunangoja maji safi na vyoo visivyofurika. Hamburg walingoja mpaka watu 8,000 wakafa ndio wakamaliza kujenga chujio. Sisi tunajua tangu 1884 kilicho ndani ya maji, so hakuna mtu wa kusema hakuwa na habari.

Kwa sasa, chemsha hayo maji ama weka dawa. Na kikohozi kikipita wiki mbili, buda, wacha kununua strepsils za chap chap. Enda upimwe.